Majina Thelathini na Moja ya Mivinjeni

Jumanne, 2 Aprili 1963

Leo nimemkabidhi Mwalimu Rispah chaki, rejista na watoto wangu wa darasa la pili, nikaja nyumbani kungojea kujifungua. Mimba ina miezi saba. Nilidhani nitapumzika. Kumbe nimetoka shule moja nimeingia nyingine, na mwalimu wa hii hana kengele wala mapumziko. Ni mama mkwe wangu, Bi Mwanapili.

Ukoo wa mume wangu Abdurahman ndio uliotoa majumbe wa hapa Mivinjeni, wafalme wa mji huu tangu enzi ambazo hakuna anayejua kuzihesabu. Ufalme wenyewe umebaki siwa moja, baragumu la kutawazia, iliyopasuka na makaburi nyuma ya msikiti. Kilichobaki kizima ni majina. Kila jumbe na kila binti wa jumbe alipewa jina ambalo hulikuti kwa watu wengine kuanzia Gazi mpaka Vanga, na kila jina lina kisa chake. Mke akiolewa humu na kushika mimba ya kwanza, mama mkwe humfundisha majina yote na visa vyote kabla hajajifungua. Kwa mdomo, bila kuandika. Yako thelathini na moja, na mtoto atapewa mojawapo.

"Yakikupotea hayo, mkaza mwanangu, nyumba imekupotea," amesema Mama huku akikuna nazi.

Nikaitikia kwa adabu. Kisha nikaingia chumbani nikafungua daftari hili. Mimi bila kalamu sishiki kitu.

Ijumaa, 5 Aprili

Jina la kwanza: Jumbe Hatumwi. Nikajitia mjuzi, nikasema bila shaka alikuwa jabari, hata Sultani hakuthubutu kumtuma. Mama alicheka mpaka kifuu kikamponyoka.

"Jabari wapi! Utotoni alikuwa akitumwa kisimani asubuhi, anarudi magharibi hana maji wala mtungi. Mamake akachoka, akautangazia mji mzima kwamba huyu hatumwi. Akakua nalo, akatawazwa nalo."

Nilitarajia simba na mapanga.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua kutwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Mwana Tosha. Alikuwa binti wa saba. Baba yake alipopashwa habari alisema neno hilo moja tu, akaenda zake msikitini. Baada yake wakaja wengine wanne, wote wa kike.

"Na yule wa mwisho aliitwaje, Mama?"

"Mwana Basi."

Nimecheka mpaka mtoto akanipiga teke. Baadaye Mama akaniuliza kama kwetu nako tuna majina yenye visa. Nikamwambia kwetu majina hurithiwa, bibi kwa mjukuu, basi hayana vichekesho. Mimi ni Mduruma wa nyuma ya Kinango, binti Chome. Niliitwa Mbodze mpaka mwaka juzi, siku niliposilimu na kuolewa, ndipo nikaitwa Mwanasha. Mama alinisikiliza vizuri sana. Nimeanza kuona kwamba ukali wake ni wa mdomoni tu.

Jumanne, 16 Aprili

Jumbe Pakacha. Mama yake alijifungulia shambani, hakuna hata kanga ya akiba, mtoto akalazwa ndani ya pakacha la nazi. Saa ileile ikaja habari kwamba jumbe mzee amekufa. Wakampigia siwa mfalme aliye ndani ya pakacha, nzi wakimtua puani. Alitawala miaka hamsini, na hakukubali jina jingine.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Abdurahman hana nafasi hata ya kula. Uchaguzi uko karibu na kila mtu Msambweni anataka ashonewe shati la rangi za chama chake. Nyumba imejaa vipande vya vitambaa, na cherehani inalia kushinda mtoto mchanga.

Jumatano, 24 Aprili

Leo sikucheka.

Jina la kumi na nane ni Mwana Kimya. Alizaliwa akiitwa Mwana Aziza. Alishika mimba kabla ya kuolewa, akaulizwa ya nani, akakataa kusema. Baba yake, Jumbe Pakacha yuleyule wa nzi puani, akamfungia chumba cha ndani. Alikaa humo miaka tisa. Alipotolewa hakuwa na mtoto wala meno ya mbele, na hakuna aliyeeleza mtoto alikwenda wapi. Wakampa jina la Kimya, na kwa kuwa ni jina la binti wa jumbe, akaingizwa katika orodha.

"Alikuwa mwanamke wa shoka," Mama alisema kwa fahari. "Miaka tisa, hakumtaja."

"Mama, walimzika hai!"

"Walimpa jina, mwanangu. Wangapi wamepita duniani na hawana jina la kukumbukwa nalo?"

Alisema hivyo huku akinipaka mafuta miguuni, maana imevimba, na mikono yake ni laini ajabu. Nilitaka kuivuta miguu yangu nikashindwa. Sijapata kumwogopa mtu anayenifanyia wema. Leo nimeanza.

Jumapili, 28 Aprili

Mama ana mafua. Nimempikia uji wa tangawizi, akanywa, akanitajia majina matatu kwa sauti ya puani. Nikamwonea huruma, na ule woga ukapungua.

Jumamosi, 4 Mei

Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Baada ya biriani, mbele ya ndugu wote, Mama ametangaza: nikizaa mwanamume ataitwa Hatumwi, nikizaa mwanamke ataitwa Mwana Badala, jina la thelathini na moja. Shangazi zake Abdurahman wakapiga vigelegele. Mjomba Suleiman, kaka yake Mama, peke yake aliinamisha uso akawa anachezea punje za wali.

Nikauliza, "Na kisa chake, Mama? Hilo hujanifundisha."

"Hilo utalisikia ukishajifungua."

Mengine thelathini nimeyapata kwa mpangilio, hata lile la Kimya, na hili la mtoto wangu mwenyewe nafichwa. Nimekasirika, lakini sikukuu si siku ya kununa.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Barabara ya Kwale inasemekana imekatika.

Alhamisi, 9 Mei

Nitaandika yote.

Asubuhi paa la jikoni lilikuwa linavuja, tukakaa sebuleni, yeye akipepeta mchele, mimi nikipinda nguo za mtoto. Mama alizaliwa humuhumu, akaolewa na binamu yake; bila kuulizwa akaanza kunisimulia habari za mama yake mlezi. Mama mzazi, Mwana Zafarani, alikuwa mtu wa mapambo na wageni, hakujua hata mwanawe amekula nini. Aliyemlea ni mwanamke mwingine wa humu ndani, mwenye jicho moja na uso uliojaa mashimo ya ndui. Ndiye aliyembeba, aliyemfundisha kusuka ukili, aliyemlaza. Huyo ndiye Mwana Badala.

"Nilimpenda kuliko aliyenizaa," Mama alisema. "Ndiyo maana nataka mjukuu wangu alichukue jina lake. Alikuwa na wimbo wa kunibembelezea wa lugha ya kwao. Sijui maana yake hata leo."

Akauimba.

Ni wimbo wa mbuzi. Mbuzi wanakataa kuvuka kijito, na mtoto anawaita mmoja mmoja kwa rangi zao. Ni Kiduruma. Na si wimbo wa kila Mduruma, nimeusikia nyumba moja tu duniani, nyumba ya nyanya yangu Dama, mama wa baba yangu. Anasema baba yake aliwatungia yeye na dada yake walipokuwa wakichunga. Mama alipofika kwa mbuzi wa tatu akanyamaza, amesahau. Mdomo wangu ukaendelea wenyewe mpaka mwisho.

Ungo ukamponyoka. Mchele ukatapakaa sakafuni.

"Nani kakufundisha?"

"Nyanya yangu. Wewe kakufundisha nani? Huyo Badala alitoka wapi?"

Hapo akanieleza. Ulikuwa mwaka wa njaa kuu, na ndui ikaja juu ya njaa. Watu wa bara walikuwa wakiwaleta watoto pwani kuwaweka rehani kwa mtama, mvua zikirudi waje kuwakomboa. Nyumba hii ilimpokea msichana wa miaka minane. Mwana Zafarani naye alikuwa wa miaka minane, na ndui ikamshika. Mganga akasema maradhi yatafutiwe badala.

"Wakamvua mama yangu nguo, wakamvika yule," Mama alisema. "Wakamlaza kwenye kitanda kilekile. Siku saba wakamwita kwa jina la mama yangu, ili ndui iamini imempata iliyemfuata. Mama akapona. Yule akaugua."

"Mtoto wa watu!"

"Hakufa. Alitoka na jicho moja. Jumbe akampa jina la ukoo, akawa kama binti wa nyumba."

"Na kwao hawakuja kumkomboa?"

Aliinama kuokota mchele. "Baba yake alikuja, mvua ziliporudi, na mbuzi wake. Akaambiwa msichana amechukuliwa na watu wa msafara, hajulikani aliko. Mganga alikuwa amesema akitoka humu, ndui itarudi kwa mwenyewe."

"Na yeye aliambiwa nini?"

"Kwamba kwao wote wamekwisha kwa njaa."

Nyanya Dama ni mdogo wa msichana huyo. Kisa hiki nimekua nacho, upande wa pili: dada aliyewekwa rehani pwani, baba aliyekwenda na mbuzi sita akarudi na mbuzi sita. Na jina lake lipo, linangoja. Kwetu mtu akifa mjukuu huchukua jina lake, lakini aliyetoka na kaburi lake halijaonekana, jina lake hapewi mtoto yeyote, maana huwezi kumvua mtu jina ambalo huenda bado anatembea nalo. Miaka zaidi ya sitini hakuna msichana wa ukoo wetu aliyeitwa hivyo. Na yeye alikuwa hapa, mwendo wa siku mbili tu kwa miguu.

"Alifariki lini?"

"Mwaka wa thelathini na nane, mwezi wa Ramadhani. Mikononi mwangu."

"Jina lake la kwao lilikuwa nani?"

Bi Mwanapili, anayejua majina ya wafalme mpaka yule wa mtungi, alinitazama kwa macho makavu.

"Sijui," akasema. "Sikumwuliza."

Mimi nalijua. Sikumtajia.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemweleza Abdurahman. Aliacha cherehani, akakaa chini juu ya vitambaa vyake.

"Wallahi sikujua. Tuliambiwa alizaliwa baada ya mtoto mwingine kufa, ndiyo akaitwa Badala."

"Bila yeye nyanya yako angekufa na wewe usingezaliwa. Mimi nimeolewa na uzao wa yule aliyeponeshwa kwa maradhi ya ndugu yangu."

Cherehani haikulia tena usiku huo.

Jumapili, 12 Mei

Nimemwambia Mama kwamba mwanangu hataitwa Badala. Sitampa mtoto jina la mtu aliyetupwa kitandani augue kwa niaba ya mwingine. Akajibu kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: "Mtoto ni wa nyumba hii, na jina la nyumba hii hutoka kinywani mwangu. Wewe ukitaka kwenda kwenu, mlango uko wazi. Utakwenda peke yako."

Sikujua kwamba mtu anaweza kukufunika shuka asubuhi na kukunyang'anya mtoto adhuhuri.

Jumatatu, 13 Mei

Nimemwandikia Nyanya. Barua ameichukua Matano, mchuuzi wa mbuzi anayepanda Kinango kila mwezi. Nimemwomba amsomee mwenyewe, polepole, akiwa amekaa.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua. Hakuna jibu.

Jumapili, 19 Mei

Mvua. Watu wanapiga kura katika matope. Hakuna jibu.

Alhamisi, 23 Mei

Mama ameniletea supu. Nimeinywa. Hatusemezani.

Jumapili, 26 Mei

Msichana. Mzima, ana sauti. Mama ndiye aliyempokea, na alipomfuta uso nilimwona machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Nilikuwa nimemwekea chuki mpya, safi, na hata hiyo ameniharibia.

Jumatano, 29 Mei

Siku ya saba itakuwa Jumamosi, siku ileile ya Madaraka. Mama amekwisha kuwaalika watu wa Msambweni. Kila mmoja anayeingia humwita mwanangu Mwana Badala, na mimi kila mara nasema, "Bado hana jina." Shangazi mmoja amenong'ona kwamba nimeingiwa na wazimu wa uzazi. Abdurahman amesema atasimama nami. Amesema huku akiangalia mlangoni, asije mama yake akasikia. Jumamosi wanaweza kuniondolea mtoto mikononi, na sioni atakayewazuia.

Alhamisi, 30 Mei

Nyanya amekuja.

Basi lilikwama Kwale, akateremka vilima kwa miguu na Matano, siku mbili. Miaka yake inapita sabini. Alisimama mlangoni na hando lake, vazi la marinda la wanawake wa kwetu, limelowa matope mpaka kiunoni. Nikamwamkia, nikamnyooshea mtoto. Hakumtazama.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Huyu hapa, Nyanya."

"Siye huyo, Mbodze. Dada yangu. Yuko wapi?"

Mama alikuwa ametoka jikoni. Akamwamkia kwa heshima zote, akamkaribisha kiti, maji, chai. Nyanya alisema atakunywa akisharudi kutoka kaburini. Basi tukaenda, wanawake watatu na mtoto, katika manyunyu, nyuma ya msikiti. Mama akatangulia. Kaburi halina maandishi, lina mawe tu yaliyopangwa vizuri na mrehani umepandwa kichwani. Mrehani ule hupandwa upya na Mama kila mwaka. Hilo nalo sikulijua.

Nyanya alikaa chini kwenye matope. Akaweka kiganja juu ya udongo. Alisema kwa Kiduruma, na Mama akaninong'oneza, "Anasemaje? Nifasirie." Nikamfasiria neno kwa neno, kwa sauti.

"Sidi. Ni mimi Dama. Baba alikuja. Unasikia? Alikuja, na mbuzi sita. Usidhani hatukuja."

Mama aliposikia jina hilo alinishika mkono kwa nguvu. Akalirudia chini chini. Kisha akaketi kwenye matope upande wa pili wa kaburi, yeye ambaye hakai hata kwenye mkeka bila kuupangusa, akalia kwa kelele kama mtu aliyefiwa leo.

"Nisamehe, mwenzangu," akamwambia Nyanya. "Aliniambia ndugu zake wamekufa. Na mimi nilikwisha kuambiwa ukweli na mama yangu. Nilinyamaza. Niliogopa ataondoka aniache."

Nilidhani ameficha siri ya wazee wake. Kumbe uwongo alikuwa nao yeye mwenyewe, miaka yote ile, usoni pa mtu anayempenda.

Nyanya alimgeukia. "Ulikuwa mtoto?"

"Mwanzoni nilikuwa mtoto."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikuwa mtu mzima."

Nyanya hakusema kwamba amesamehe. Alisema, "Nipe hiyo chai sasa."

Jumamosi, 1 Juni

Watu walijaa mpaka uani. Baba wa mtoto alikwisha kumwadhinia tangu siku ya kwanza, leo ni jina tu. Nilimshika mwanangu kwa nguvu mpaka Mama alipokuja kunipokonya, na kweli nilikuwa tayari kupiga kelele mbele ya watu wote. Akanitazama. Nikamwachia, sijui kwa nini.

Akamwinamia sikioni, kisha akainua uso akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Sidi binti Abdurahman."

Shangazi mkubwa akauliza, "Hilo ni la jumbe yupi, Mwanapili?"

"Si la jumbe. Ni la mama aliyenilea. Nilikaa naye miaka ishirini na minane bila kulijua, nimelijua juzi." Kisha akawageukia wote. "Na lile la Badala msilitaje tena humu. Orodha ina thelathini na moja, na la thelathini na moja ni hili."

Mjomba Suleiman ndiye aliyeanza kusema amina.

Jumatatu, 3 Juni

Nyanya ameondoka leo. Barabara imekauka, Abdurahman amempeleka mwenyewe mpaka kwenye basi. Kabla hajatoka alikaa kitandani kwangu, Sidi mapajani, akaniuliza tena dada yake alifariki mwaka gani. Nikamwambia mwaka wa thelathini na nane, mwezi wa Ramadhani.

"Na wewe ulizaliwa lini?"

"Mwaka huohuo, Nyanya. Mwezi wa Disemba."

Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. "Ramadhani ya mwaka ule ilikwisha kabla ya Disemba?"

"Ilikwisha."

Akanishika uso kwa mikono miwili. Hakulia kaburini, alilia hapa.

"Wewe ndiye mjukuu wangu wa kwanza wa kike," akasema. "Jina la dada yangu lilikuwa zamu yako. Tulikupa Mbodze kwa kuwa tulikuwa bado tunamngoja. Kumbe alikwisha kufa na wewe hujazaliwa. Miaka ishirini na minne nimekuwa nikikuita kwa jina ambalo si lako."

Mtoto alikuwa amelala, ngumi moja imeshika ncha ya kanga yangu. Nimemzaa, nimemgombania, na jina alilopewa ni langu mwenyewe.